Yanayosemwa kuhusu gemu la kujifunza kuchapa, na ukweli wake

Mzee mmoja aliingia darasani kwetu hapa Busia, upande wa Uganda, akamkuta bintiye anapambana na samaki kwenye skrini. Akasimama mlangoni, kofia mkononi. "Mwalimu, mimi nimelipia masomo ya kompyuta. Mbona mtoto anacheza?"

Nilimvutia kiti, nikamwomba aache skrini atazame mikono. Kila samaki alishuka na herufi au neno. Binti akilichapa sawasawa, pengwini anamdaka na kumla. Akikosea, samaki anaanguka na mlo umepotea. Mzee alikaa pale karibu nusu saa, na katika muda wote huo binti hakuinamia kibodi hata mara moja.

Gemu hilo linaitwa Tux Typing, nalo ni la bure. Tangu siku ile nimekuwa nikiyaweka moyoni maneno ninayoambiwa na wazazi, wanafunzi, hata walimu wenzangu. Mengi si kweli, na machache yana ukweli nusu, ambao ndio mgumu zaidi kuung'oa.

"Cha bure huja na virusi"

Hofu hii haikutoka hewani. Katika maduka ya kuchapisha tumezoea fleshi zinazozunguka kompyuta kumi kwa siku na kurudi zimejaa takataka. Lakini bure ziko aina mbili. Ipo programu ya kulipiwa iliyovunjwa kufuli na kusambazwa kwa wizi, na hiyo ndiyo hubeba wadudu. Ipo pia programu iliyotolewa na watunzi wake kwa leseni huru: msimbo wake uko wazi, na unaruhusiwa kuitumia, kuinakili, kumpa jirani, hata kuibadilisha. Tux Typing iko katika kundi la pili. Klavaro pia, programu nyingine nzuri ya kuchapa, ambayo jina lake ni neno la Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, lenye maana ya kibodi. Cha kuangalia ni mahali unapoipakulia.

Wengine hudhani lazima uwe na bando kila ukikaa kucheza. La. Ukishapakua mara moja, huhitaji intaneti tena; mimi huibeba kwenye fleshi na kuiweka kompyuta baada ya kompyuta. Mashindano kama TypeRacer, ambapo unakimbizana na watu wa nchi nyingine, hayo ndiyo yanayokula data. Kitakachokukwamisha huku kwetu ni umeme ukikatika kabla hujamaliza.

"Mavis Beacon alikuwa mwalimu hodari Marekani"

Hii naipenda. Waliosoma kompyuta zamani kidogo wanamkumbuka yule mama nadhifu kwenye kasha la programu ya kuchapa, na wako watakaokuapia kwamba alishinda mashindano ya dunia. Hakuwahi kuwako. Jina lilibuniwa na kampuni iliyotoa programu hiyo mwaka 1987, na picha ya kwanza ilikuwa ya Renée L'Espérance, mzaliwa wa Haiti aliyekuwa akiuza manukato dukani California. Programu yenyewe ilikuwa ya kulipia, ingawa nakala nyingi nilizokutana nazo hazikuwa zimelipiwa na mtu. Tuliache hilo.

Bingwa wa kweli alikuwa Frank McGurrin, karani wa mahakama wa Salt Lake City. Tarehe 25 Julai 1888, mjini Cincinnati, alishindana na Louis Traub, ambaye alitafuta herufi kwa macho. McGurrin alichapa kwa vidole vyote bila kutazama, akashinda. Magazeti yakaeneza habari, na watu wakaanza kuamini kwamba vidole vinaweza kujua njia vyenyewe.

"Herufi zilipangwa ovyo ili tuchelewe"

Mpangilio wa Q, W, E, R, T, Y ulitokana na kazi ya Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee, na mashine zao za kuchapa (taipureta) zilianza kuuzwa kwa jina la Remington miaka ya 1870. Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni kwamba waliutunga ili kumpunguza mchapaji kasi, vyuma vinavyopiga herufi kwenye karatasi visigongane. Ushahidi wake ni hafifu. Vyuma viligongana kweli, ila kutenganisha vyuma vya herufi zinazofuatana ni kumsaidia mchapaji aende bila kukwama. Watafiti wa Kyoto, Japani, wamedai pia kwamba wapokeaji wa telegrafu, yaani ujumbe wa nukta na vistari uliopitia kwenye waya, waliokuwa miongoni mwa watumiaji wa mwanzo, huenda walichangia mpangilio huo.

"Usipotumia vidole kumi unapoteza muda"

Hapa nilikuwa mkosaji mwenyewe. Kwa miaka niliwagombeza wanafunzi wanaochapa kwa vidole sita. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Finland, wakaeleza mwaka 2016 kwamba baadhi ya watu waliojifundisha wenyewe, kwa vidole pungufu, walikuwa na kasi sawa na waliosomea. Kilichowatenganisha wepesi na wazito ni mambo mengine: herufi moja kubonyezwa na kidole kilekile kila mara, mikono isiyorukaruka, na kidole kinachofuata kusogea mapema kabla cha kwanza hakijamaliza.

Bado nafundisha vidole kumi, kwa sababu moja: anayetumia vidole vichache hutazama kibodi mara nyingi zaidi. Na maajenti wa forodha hapa mpakani huchapa macho yakiwa kwenye karatasi ya mzigo. Ukiinua macho kila mara, unaruka mstari, na gunia mia mbili zinageuka ishirini. Lakini sigombezi mtu tena.

"Kimbia kwanza, makosa utafuta baadaye"

Dhana hii huharibu vijana wengi, na gemu lenyewe linaichochea, maana samaki hawasubiri. Tufanye hesabu. Herufi iliyochapwa sawa ni kubonyeza mara moja. Ukiikosea na kugundua papo hapo, unabonyeza mara tatu: kosa, kufuta, kurudia. Ukigundua baada ya herufi nne zaidi, unafuta tano na kuchapa tano upya. Herufi tano zimekula mibonyezo kumi na tano. Aliyekwenda polepole amekupita na anakunywa chai. Ndiyo maana mwanafunzi wangu haruhusiwi kupanda ngazi ya pili ya gemu mpaka ile ya kwanza imchoshe.

Dada yake dhana hii ni ile ya kujifungia siku nzima ili umalize upesi. Uingereza, wafanyakazi wa posta walifundishwa kuchapa kwa makundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Waliosoma saa 1 kwa siku waliimudu kibodi kwa karibu saa 35 kwa jumla. Waliosoma saa 4 kwa siku walihitaji karibu 50. Cha kuchekesha, wale wa saa moja ndio ambao hawakuridhika kuliko wote, maana waliona wenzao wanawatangulia kwa kalenda. Wanafunzi wangu wananung'unika vivyo hivyo.

"Simu inatosha"

Kwa ujumbe, ndiyo. Katika utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha watu zaidi ya 37,000, wastani kwenye simu ulikuwa maneno 36 kwa dakika. Utafiti wa mwaka uliotangulia uliona wastani wa 52 kwenye kibodi za kompyuta. Vijana wa simu wamesogea karibu kuliko nilivyodhani. Ila jaribu kuchapa kurasa arobaini za ripoti kwa vidole gumba, kisha uje tuzungumze.

"Kiswahili kinanipunguzia kasi"

Yuko mwanafunzi anayelalamika hivi kila muhula, na nusu ya lalamiko lake ni haki. Anashika maneno 40 kwa dakika akicheza kwa Kiingereza, akija kwenye barua ya Kiswahili anahesabu maneno kwenye karatasi, hayafiki 30. Anaona ameshindwa.

Kwanza, "neno" la magemu haya si neno la kamusi. Kwa kawaida ni mibonyezo mitano, nafasi ikiwemo. Kiswahili kinabana sentensi nzima ndani ya neno moja: *hawajatupatia* lina herufi 13, kwa hiyo kwa kipimo cha gemu ni zaidi ya maneno mawili na nusu. Hesabu mibonyezo, utakuta kasi haijashuka sana.

Pili, na hapa ndipo haki yake ilipo, vidole vimefunzwa lugha nyingine. Kwa Kiingereza inayotawala ni *e*, iliyo chini ya kidole cha kati. Kwetu inatawala *a*, nayo imekabidhiwa kidole kidogo cha kushoto, mnyonge kuliko wote. Katika *hawajatupatia* kidole hicho kinaitwa mara tano! Ongeza kibainishi cha *ng'ombe*, ambacho ni kazi ya kidole kidogo cha kulia. Anayechapa Luganda naye ana herufi pacha za *ssebo*, *nnyabo* na *ssente*, ambazo Kiingereza ni nadra kuzianza neno nazo. Wakati huohuo unatumia jioni nzima kuzoea *q* na *x*, ambazo Kiswahili hakina.

Dawa iko ndani ya gemu lenyewe, na wengi hawaifungui. Tux Typing inakubali orodha za maneno unazotunga wewe. Kwa kuwa Kiswahili hakihitaji herufi zenye alama za ziada, kazi ni kuandika tu.

Binti wa yule mzee ndiye aliyetunga orodha yetu ya kwanza. Nilimwambia akusanye maneno anayoyasikia kwenye kibanda cha mama yake karibu na mpaka. Akarudi na *gunia, mizani, ushuru, forodha, mahindi, mchuuzi, wang'ang'anizi*. Hilo la mwisho limewaangusha samaki wengi darasani, na watu wazima wanamwomba aliondoe. Amekataa.