Je, wajua kwa nini Mhabeshi hupita Tanga bila kutaka kukaa?

Ukiishi Tanga mwaka mzima, habari hii huikosi: raia wa Ethiopia kadhaa wamekamatwa, mara vichakani karibu na Horohoro mpakani mwa Kenya, mara kwenye bandari bubu, mara ndani ya lori lililofunikwa turubai. Na barazani mjadala ni ule ule. Watu wamevuka Kenya nzima, wamefika kwetu, pana amani, samaki wapo, muhogo upo. Mbona hawataki kukaa? Mbona wanang'ang'ania Afrika Kusini, ambako mwaka 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni, na 2015 maduka yao yakavunjwa tena?

Kabla ya kuwajibu, twende Handeni. Huko kuna makazi yaitwayo Chogo, na wakazi wake walitoka Somalia. Hao hawakuwa wapita njia. Walitaka kuja Tanga hii hii.

Habari yao inaanza miaka ya 1830, Uzigua, yaani nchi ya Wazigua huku huku Handeni, ilipopigwa na ukame mkali. Masimulizi ya Wazigua wenyewe yanasema watu waliokuwa wakifa njaa waliambiwa ng'ambo kuna kazi na chakula, wakapakiwa majahazini, wakajikuta pwani ya kusini ya Somalia wanauzwa. Baadaye wengi walitoroka, wakiongozwa na mwanamke anayekumbukwa kwa jina la Wanakhucha. Nia ilikuwa kurudi kwao kwa miguu. Safari ikaishia kwenye misitu ya Mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakazaa. Zaidi ya miaka 150 wakawa huko, wakiitwa Mushunguli, na Kizigua hawakukiacha.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ikaanguka. Wakulima hawa hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwakinga, basi wakaporwa chakula na kuuawa. Wengi wakakimbilia kambi za Kenya, wengine wakaja Tanzania moja kwa moja. Kilichowaleta huku ni habari za bibi na babu kwamba kwao ni Uzigua, na lugha ambayo, walipoifungua kinywani Handeni, wenyeji waliielewa. Wakapewa kwanza makazi ya Mkuyu, kisha Chogo mwaka 2003, na baadaye zaidi ya elfu moja wakapata uraia wa Tanzania.

Waliobaki Kenya nao waliomba kurudi kwa mababu. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi likazungumza na Tanzania, lakini Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa siku moja na ushei tu. Serikali iliyolemewa hivyo haikuwa na nafasi ya wageni wengine. Likafuata ombi kwa Msumbiji, maana kundi hilo lilikuwa pia na wajukuu wa Wamakua na Wayao. Nako halikuzaa kitu. Mwishowe, mwaka 1999, Marekani ikakubali kuwapokea, na kuanzia 2003 watu kama 12,000 wakapelekwa huko. Mtu aliomba Handeni akapewa Ohio! Ndiyo maana binafsi naona neno "kuchagua" linawaonea wakimbizi. Mtu huwa na mahali anapopataka, halafu ipo milango iliyo wazi siku ile, na viwili hivyo havikutani kila mara.

Sasa turudi kwa Mhabeshi wetu. Tunasema "Wahabeshi" kana kwamba Ethiopia nzima iko barabarani kuelekea kusini. Sivyo. Wengi wa wanaopita njia hii hutoka eneo moja la kusini mwa nchi yao, Hadiya na Kambata, kandokando ya mji wa Hosaena. Kijana wa Wollo au Tigray, kaskazini mwa nchi, mwenye shida zile zile, mara nyingi huelekea mashariki: anateremka Jibuti au bandari ya Bosaso, Somalia, anavuka bahari hadi Yemen, akiitafuta Saudi Arabia. Ni nchi moja na umaskini mmoja, lakini kila wilaya huelekea upande wake, kulingana na nani alitangulia wapi.

Hao wa Hadiya walianza kwenda Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuondoka mwaka 1994. Wachache wakafungua vibanda, wakaita wadogo zao, nao wakawaita binamu. Leo eneo la Jeppe, katikati ya Johannesburg, limejaa maduka na migahawa ya Kihabeshi. Kijana anayeondoka Hosaena haendi "Afrika Kusini" ya kwenye ramani. Anaenda kwa kaka yake, ambaye mara nyingi ndiye aliyetuma nauli, na ambaye atampa mzigo wa mablanketi autembeze mitaani mpaka apate duka lake. Njiani anakabidhiwa na mtu kwa mtu. Mpangaji wa safari Waethiopia humwita delala, neno lililotoka Kiarabu kama dalali wetu. Safari yenyewe huua: Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, wanaume 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena la lori.

Kwa mtu huyu, Tanga ni kama njia panda yetu ya Segera. Ukishuka pale ni kununua chungwa na kubadili gari. Hapa hana kaka wala duka linalomngoja.

Sheria nayo ina neno. Mwaka 1998 Tanzania na Afrika Kusini zote zilitunga sheria ya wakimbizi. Ya kwetu inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, kama kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na kutoka mpaka kibali. Ya Afrika Kusini haikujenga kambi. Aliyeomba hifadhi alipewa karatasi na kuishi mjini anakotaka, na mwaka 2003 mahakama yao ya rufani ikakataa katazo la jumla la kumzuia kufanya kazi huku akisubiri jibu. Tangu 2020 masharti yamebanwa, ila ndugu wameshajaa kule. Uganda nayo, kwa sheria ya mwaka 2006, inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na makazini humgawia kipande cha ardhi. Imepokea zaidi ya watu milioni moja na nusu, wengi wao wakiwa wametoka Sudan Kusini na Kongo, jirani tu.

Ujirani huo tusiupite haraka, kwa sababu ndio unaoamua kwa walio wengi. Karibu watu saba katika kila wakimbizi kumi duniani wako nchi inayopakana na kwao. Mrundi anayekimbia usiku na watoto wawili mgongoni halinganishi nchi. Anakwenda Kigoma kwa kuwa ndiko miguu inakofika. Kwenda mbali kunataka pesa, shamba la kuuza au ndugu wa kutuma.

Wazungu nao wana baraza lao, na swali lao ni kwa nini mtu avuke Ulaya nzima kwenda Uingereza. Mwaka 2002 serikali ya huko ilichapisha utafiti wa watu 65 walioomba hifadhi. Wengi hawakuwa wakijua lolote la maana kuhusu posho ambazo magazeti yalisema ndizo zinawavuta. Walitaja ndugu, lugha ya Kiingereza, historia ya ukoloni, na baadhi hawakuchagua kabisa: msafirishaji ndiye aliyejua ndege inatua wapi.

Na wale Wazigua wa Juba waliopelekwa Marekani? Walitawanywa miji mbalimbali, kila familia na nyumba iliyoandaliwa. Haikupita miaka mingi, wengi wakafunga virago wenyewe wakaelekea Lewiston, mji mdogo wa baridi kali jimboni Maine, ambao serikali haikuwa imewapangia. Wenzao walikuwa wameshafika huko.