Je, wajua kwamba herufi za kadi ya harusi hazijashikana?

Itazame kadi yoyote ya harusi pale Kisumu, cheti cha ubatizo, au jalada la ratiba ya mazishi. Jina limeandikwa kwa herufi zilizoinamia kulia, nene hapa, nyembamba pale, na zote zimefuatana kama zimechorwa kwa wino mmoja bila kuinua kalamu. Lakini kompyuta huandika herufi moja moja. Kiungo cha katikati kinatoka wapi?

Nilikuwa na jibu, tena nililitoa kwa kujiamini sana: kompyuta huitazama herufi na jirani yake, kisha huchora kistari cha kuziunga. Niliishi na imani hiyo mpaka nilipopeleka jina la bibi harusi likatwe stika ya kubandika kwenye kioo cha gari. Mashine ikakata vizuri. Tulipoanza kubandua, jina likatoka vipande vipande, na penye kila kiungo palikuwa na mkato mwembamba kama wa wembe. Nikamlaumu fundi. Hakubishana. Aliishika herufi moja kwenye skrini kwa kipanya, akaivuta kando, nayo ikatoka na mkia wake mzima.

"Mwalimu, hizi hazijashikana," akaniambia. "Zimelaliana tu."

Jaribu mwenyewe. Chagua fonti, yaani mtindo wa herufi za kompyuta, ya aina hiyo, uandike n peke yake. Mkia uko pale pale upande wa kulia, umenyooshwa hewani, ingawa hakuna wa kuupokea. Hakuna kistari kinachochorwa baadaye. Herufi ilizaliwa nacho. Kazi yote ilifanywa na mchoraji wa fonti, aliyeamua kwamba kila mkia utaishia kwenye kimo kimoja na kwa mwinamo mmoja, na kwamba kila herufi itaanzia papo hapo.

Wafikirie watoto wa chekechea wanaovushwa barabara. Mwalimu hajui nani atasimama nyuma ya nani, kwa hiyo anawaambia wote: mkono wa kulia mbele, usawa wa kiuno. Basi wapange utakavyo, mkono utamkuta mwenzake. Shida ni wale ambao mkono wao kwa asili uko juu: o, v, w na b humalizikia karibu na paa la herufi, si chini. Mchoraji huwaongezea kijikunjo kinachoteremka kidogo mpaka usawa wa wenzao. Ukishakijua kijikunjo hicho, utakiona kila mahali.

Ndiyo maana ukiongeza nafasi kati ya herufi ili jina lijaze kadi, mlolongo hukatika na mikono hubaki inapapasa hewa. Na ndiyo maana jina lililoandikwa lote kwa herufi kubwa halisomeki: herufi kubwa hizi zilichorwa kutangulia msafara, kila moja na mapambo yake, si kufuatana.

Mtindo wenyewe ni wa walimu wa mwandiko wa Uingereza wa karne za 17 na 18. Unene na wembamba ulitokana na unyoya wenye ncha kali iliyopasuliwa: ukikandamiza kwenda chini mpasuko hufunguka, ukipanda kwa wepesi hujifunga. Mmoja wa walimu hao, Charles Snell wa London, ndiye ambaye jina lake lilipewa fonti ya Snell Roundhand, iliyochorwa na Matthew Carter mwaka 1965 kwa ajili ya mashine zilizopanga maneno ya kuchapwa kwa kupiga picha za herufi. Picha ilikuwa nafuu kubwa. Kabla yake, wakati wa herufi za kuchapia za madini ya risasi, kila herufi ilikaa juu ya kitofali chake, na mkia uliochungulia nje ya kitofali ulivunjika kwa urahisi.

Kosa langu, hata hivyo, halikuwa la kipuuzi kabisa. Baadhi ya fonti za siku hizi hubeba maumbo kadhaa ya herufi moja, na programu huchagua umbo kulingana na jirani. Wanaosoma herufi za Kiarabu hawatashangaa: huko umbo la mwanzo wa neno si la katikati wala la mwisho. Lakini hata hapo kompyuta inachagua kilichochorwa tayari. Haichori kiungo.

Sasa, kuna jambo ambalo wale walimu wa London hawakuwa na sababu ya kulifikiria: ng' yetu. Andika Ng'iya, kule Siaya, kwa fonti hizi. Mkia wa g unapanda kumtafuta i, lakini ritifaa, kile kialama cha ', imechukua nafasi katikati, nao unaishia patupu. Kwa wenye majina kama Ong'ondo au Ng'ang'a, kadi nzima huonekana imekatwa na panya.

Fundi wangu ana dawa. Kwanza huandika Ngiya bila ritifaa, herufi zilaliane zinavyotaka. Halafu huiandika ritifaa peke yake, kama neno jingine, akaileta kwa kipanya na kuiweka juu ya kiungo. Mwisho huziyeyusha herufi zote, pale pale kwenye skrini, kuwa umbo moja, ndipo huiwasha mashine ya kukata.