Kunaswa na tramadol si kukosa roho ngumu

Huku Goma, mashariki mwa Kongo, kijana wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo) akinaswa na tramadol hata ashindwe kuiacha, mtaa mzima wa Birere una hukumu tayari: hana msimamo, hakulelewa vizuri. Maneno ya miaka, na si ya kweli.

Tramadol ni dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni. Ukiimeza, kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6 huigeuza kuwa kemikali yenye nguvu kuliko kidonge chenyewe. Jeni ya kimeng'enya hicho hutofautiana: wawili wakimeza kipimo kilekile, mmoja atahisi kidogo tu, mwenzake alewe. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha urithi huchangia karibu nusu ya hatari ya uraibu wa afyuni, ingawa hakuna jeni moja ya kulaumiwa.

Inayobaki ni mazingira, na ya kwetu hayana huruma. Kukimbia vita, kulala kambini, kusukuma magunia ya makala (makaa) mgongo ukiuma: msongo wa muda mrefu huvuruga homoni kama kotisoli, na ubongo hujifunza kukimbilia kile kinachotuliza haraka. Mazingira yakibadilika, mtu naye hubadilika: wanajeshi wengi wa Marekani walionaswa na heroini kwenye vita vya Vietnam waliacha waliporudi kwao.

Anayetaka kuacha asikate ghafla. Apunguze akisimamiwa na daktari au muuguzi.