Je, wajua kwa nini salsa inakupoteza mdundo hata kama hatua unazijua?

Hatua ya msingi ya salsa mtu unaikariri fasta tu. Anayeongoza anapeleka mguu wa kushoto mbele, wa kulia unakanyaga pale pale ulipo, kushoto unarudi katikati, anatulia, halafu kulia nyuma, kushoto pale pale, kulia unarudi, anatulia tena, na anayefuata anafanya hivyo hivyo kwa kinyume. Unahesabu 1-2-3, kimya, 5-6-7, kimya. Bila muziki inaenda freshi kabisa, ila ukishawasha wimbo sekunde chache tu mtu kapotea, anaanza kulaumu miguu yake eti mizito, na miguu wala haina kosa!

Mchawi ni besi. Kwenye disko, hip hop na nyimbo nyingi za klabu mlio mzito unatua kwenye 1, na mwili umeshazoea kukanyaga hapo hapo mlio unapotua. Sasa kwenye salsa gitaa la besi mara nyingi linaikwepa hiyo 1 makusudi, linapiga kati ya 2 na 3, halafu linapiga tena kwenye 4 na kuiacha sauti ining'inie mpaka 5 ishapita, kisha hivyo hivyo kati ya 6 na 7 na kwenye 8 mpaka 1 ishapita. Na hizo 4 na 8 ndo pale pale ulipotakiwa utulie! Kwa hiyo ukifuata besi kwa mazoea unakanyaga wakati wa kutulia, na 1 au 5 ikifika huna mguu wa kwenda nao. (Kutulia kwenyewe kuna kazi: hatua zikiwa 3 badala ya 4, mguu unaoanza unabadilika kila raundi, ndo maana unakwenda mbele kwa mguu wa kushoto halafu nyuma kwa wa kulia.)

Wengi wanaambiwa "sikiliza klave", yaani ule mdundo wa mapigo 5, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, unaogongwa na vijiti viwili. Ni kweli muziki wote umejengwa juu yake, lakini kwa anayeanza mimi naona ushauri huo hausaidii sana, maana kwenye rekodi nyingi hakuna hata mtu anayegonga hivyo vijiti, wanamuziki wanaifuata klave kichwani tu, sasa wewe utaisikia wapi?

Afadhali utafute tumba, ile ngoma ndefu inayopigwa kwa mikono. Kwenye mpigo wake wa kawaida kuna milio miwili ya wazi, tum-tum, inayokuja kwenye 4 na mara tu baada yake, na tena kwenye 8 hivyo hivyo, na ikiisha tu 5 au 1 ndo hiyo imefika, kanyaga. Kingine ni kengele ya chuma inayogongwa kwa kijiti. Mapigo yake mazito yanaangukia 1, 3, 5 na 7, na kwa kawaida haipo tangu mwanzo wa wimbo, inaingia pale mwimbaji na waitikiaji wanapoanza kupokezana, kwa sababu mpiga bongo, zile ngoma mbili ndogo zilizounganishwa, ndo anaziweka pembeni na kuishika kengele yeye. Kwa hiyo ukipotea kwenye ubeti usikate tamaa, subiri kiitikio.

Hapo sasa ndo unajua wimbo wa mazoezi unachaguliwaje. Watu wanakimbilia kuuliza spidi, na spidi ni muhimu kweli, salsa nyingi ziko kati ya mapigo 160 na 220 kwa dakika hivi na huku chini ndo kwako kwa sasa, ila taratibu sana nako ni mtego, kwani unabaki umening'inia mguu mmoja unasubiri pigo lifike na balansi yenyewe bado huna, halafu salsa nyingi za mapenzi zinafunika tumba kwa vinanda na sauti laini. Mimi ningechukua wimbo wa spidi ya wastani ambao kengele inasikika wazi kuliko wa polepole uliojaa mahaba. El Gran Combo de Puerto Rico, bendi iliyoanza 1962, ni pazuri pa kuanzia, mdundo wao umenyooka. Timba, yaani salsa ya kisasa ya Kuba, iache kwanza, tamu sana lakini besi inakatika ghafla na mpangilio unabadilika katikati. Na kama wimbo unaoupenda unakimbia, YouTube ina sehemu ya kupunguza spidi, weka 0.75, itumie bila aibu.

Kabla ya kucheza usikilize kwanza umekaa, unapiga makofi kwenye 1 na 5 tu. Ukichanganya 1 na 5 usihofu, bado uko ndani ya mdundo, hiyo utairekebisha mbele ya safari. Ila angalia na orodha ya nyimbo unayofungua, nyingi zilizoandikwa salsa zimechanganywa na mitindo mingine ya dansi kama bachata na merengue, na merengue inakanyaga kila pigo bila kutulia, ikija hiyo ruka tu nenda wimbo unaofuata.