Kodi ya Nyumba Yaweza Kubeba Mkopo wa Kiasi Gani?

Katika kazi yangu ya kuwashauri wanaonunua nyumba za kupangisha hapa Mombasa, swali ninaloulizwa zaidi ni benki itakubali kutoa kiasi gani. Hilo ni swali la benki, nayo hulijibu kwa kuangalia mapato ya mkopaji na thamani ya nyumba. Mwekezaji anapaswa kuanza na swali jingine: nyumba yenyewe, kwa kodi inayoingiza, yaweza kubeba deni la kiasi gani?

Tuchukue mfano wa fleti ya Bamburi inayouzwa shilingi 6,250,000 na kupangishwa kwa 45,000 kwa mwezi. Mnunuzi anatoa asilimia 20 mfukoni mwake, na benki inamkopesha 5,000,000 kwa riba ya asilimia 14, zilipwe kwa miaka 15. Malipo ya kila mwezi ni takriban shilingi 66,587. Sasa katika ile kodi ya 45,000, toa 5,000 za ada ya usimamizi wa jengo, toa ushuru wa 3,375, kisha weka kando 3,750 kwa ajili ya mwezi mmoja katika mwaka ambao nyumba itakaa bila mpangaji. Zinabaki 32,875. Kwa riba na muda huo, kila milioni moja ya mkopo hudai karibu 13,320 kwa mwezi; kwa hiyo kodi hii inabeba mkopo wa takriban milioni mbili na nusu tu, yaani nusu ya alizokopa. Zaidi ya 33,000 zitakazopungua kila mwezi zitatoka kwenye mshahara au biashara yake, na bado hatujahesabu rangi wala vyuma vya madirisha, ambavyo hewa ya chumvi ya pwani haivipi muda mrefu. Anayepangisha wageni wa muda mfupi asihesabu kwa mapato ya Disemba. Ahesabu kwa yale ya Mei, wakati wa masika, kwa sababu benki hudai kiasi kile kile miezi yote.

Ushuru huo unahitaji maelezo. Tangu Januari 2024, mwenye nyumba za makazi anayepata kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kupunguziwa gharama yoyote, hata riba ya mkopo. Sheria inamruhusu kuiandikia Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) aondolewe katika utaratibu huo na atozwe kwa faida, ambako riba huhesabiwa kuwa gharama. Kwa mwenye deni kubwa na changa, ninaona ni jambo la kupigiwa hesabu na mhasibu kabla ya kulipa shilingi ya kwanza.

Deni changa ndilo zito, na jedwali la malipo linaonyesha sababu yake. Katika malipo ya kwanza ya 66,587, shilingi 58,333 ni riba, na ni 8,254 tu zinazopunguza deni lenyewe. Ndiyo maana nyongeza inayolipwa mapema ina nguvu kubwa: mkopaji wetu akiongeza 10,000 kila mwezi tangu mwanzo, na riba isibadilike, atamaliza kwa takriban miezi 124 badala ya 180, na ataokoa karibu shilingi milioni mbili na nusu. Lakini aiagize benki kwa maandishi kwamba nyongeza ipunguze deni la msingi na kufupisha muda, na asome mkataba kuona kama kuna ada ya kulipa mapema. Asome pia kifungu cha riba, kwa kuwa mikopo mingi ya nyumba nchini ina riba inayopanda na kushuka. Asilimia 14 ikiwa 16, malipo yake yanakuwa takriban 73,435.

Kwa Muislamu anayeepuka riba, ipo musharaka inayopungua, ambapo benki na mteja hununua nyumba kwa ubia, naye hununua sehemu ya benki kidogo kidogo huku akilipa kodi ya sehemu iliyosalia. Pale pia, kodi ya mpangaji ipimwe dhidi ya malipo ya mwezi kwa njia ile ile.

Ushuru wa stempu, ambao mnunuzi huilipa serikali nyumba inapohamishiwa jina lake, mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani 250,000 katika mfano wetu, na fedha hizo ziwe tayari mkononi. Nyumba bila ardhi, ambazo ni nyingi katika mitaa yetu ya zamani kama Majengo, zaweza kuingiza kodi nzuri, lakini mwenye nyumba hana hatimiliki ya kiwanja ambayo benki ingeichukua kuwa rehani.

Malipo yakikwama, nenda benki kabla mwezi mmoja haujaisha. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki ikishatoa notisi, lazima impe mkopaji muda usiopungua miezi mitatu kulipa malimbikizo, kisha notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Lazima pia ithaminishe nyumba, na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopaji ana msingi wa kwenda mahakamani. Miezi hiyo mitatu mara nyingi humtosha mtu kutafuta mnunuzi mwenyewe, kwa idhini ya benki, na kupata bei ambayo mnada haungempa.