Wiki ya kwanza na kichanga: maswali ya mama mpya

Leo ni siku ya pili na maziwa hayajajaa. Nimpe maji ya glukosi asilale na njaa?

Hapana, labda daktari au mkunga awe amempima mtoto na kuagiza hivyo. Siku mbili tatu za mwanzo titi hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya njano, na hutoka kwa matone. Tumbo la kichanga nalo ni dogo: siku ya kwanza kinachomtosha kwa mnyonyo mmoja hakizidi sana kijiko kimoja cha chai. Maziwa mengi hujaa siku ya tatu au ya nne, na mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kuchelewa kidogo.

Ukimpa glukosi, tumbo linajaa na hamu ya kunyonya inakatika. Titi lisiponyonywa halitengenezi maziwa, na hapo ndipo uhaba wa kweli unapoanza. Asali usiguse kabisa hadi atimize mwaka: inaweza kubeba vijidudu ambavyo sumu yake hulegeza misuli, hata ile ya kupumua.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Akilala zaidi ya saa 3, mwamshe. Mfunue nguo, msugue nyayo, mweke kifuani ngozi kwa ngozi.

Chuchu zinauma hadi natokwa na machozi. Ni kawaida?

Kuvuta kidogo mwanzoni mwa kunyonyesha ni kawaida. Maumivu yanayoendelea muda wote, au chuchu inayotoka imebanwa kama imechongwa, yanaonyesha mtoto ameshika vibaya: ananyonya chuchu peke yake badala ya kujaza titi mdomoni. Mafuta hayataliponya jambo hili ikiwa mkao ni uleule.

Mlaze tumbo lake likigusa lako, sikio, bega na nyonga katika mstari mmoja, asigeuze shingo. Pua yake ielekee chuchu. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, usubiri apanue kama anayepiga mwayo, kisha mlete haraka kwenye titi; usiinamie wewe, mgongo utakuuma bure. Akishika sawasawa, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umepinduka nje, na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu inaonekana zaidi juu kuliko chini. Utamsikia akimeza. Akishika vibaya usimchomoe. Ingiza kidole kidogo kisafi pembeni ya mdomo, achie, muanze upya. Hata mara tano, anza upya. Mama wengi huambiwa "utazoea" na kuachwa na vidonda, wakati mkunga angeweza kurekebisha mkao kwa dakika chache. Mwombe akuone ukinyonyesha kabla hujaruhusiwa kutoka wodini.

Nitajuaje kama anashiba?

Kilio peke yake hakitoshi kukuambia. Hesabu nepi: siku ya kwanza walau mkojo mmoja, ya pili miwili, na kuanzia siku ya tano sita au zaidi. Choo huanza cheusi cha kunata, kikageuka kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha njano. Kupungua uzito mwanzoni hutokea kwa karibu kila mtoto, lakini aliyezaliwa na kilo 3 akipoteza gramu 300 anahitaji kuangaliwa mara moja. Kwa kawaida uzito wa kuzaliwa hurudi ndani ya wiki mbili.

Kitovu nipake nini?

Usipake kitu, isipokuwa dawa uliyopewa kituoni. Nawa mikono, kunja nepi chini ya kitovu, kiache kikauke. Majivu, kinyesi cha ng'ombe na mate huweza kuingiza vijidudu, pamoja na vya pepopunda. Wekundu unaosambaa kwenye ngozi, usaha au harufu mbaya: nenda kituoni siku hiyohiyo.

Macho yamekuwa ya manjano. Nimwanike juani?

Manjano yanayoanza siku ya pili au ya tatu hutokea kwa watoto wengi na huisha taratibu, hasa akinyonya vizuri. Jua la asubuhi si tiba ya kutegemea. Kichanga anaweza kupoa au kuungua. Hospitali hutumia mwanga maalumu. Mwangalie kwenye mwanga wa mchana: macho, fizi, viganja, nyayo. Manjano yakitokea ndani ya saa 24 za kwanza, yakifika viganjani au kwenye nyayo, au mtoto akilegea na kukataa titi, mpeleke sasa. Yakizidi sana huharibu ubongo.

Ni lini nisisubiri asubuhi?

Kwa mtoto: anakataa kunyonya, degedege, joto la 37.5 au zaidi, mwili wa baridi usiopata joto hata ukimkumbatia, kifua kinachobonyea anapopumua, au pumzi 60 na zaidi kwa dakika moja nzima akiwa ametulia. Usimpe dawa ya homa nyumbani. Kwa kichanga homa huweza kuwa dalili pekee ya maambukizi ya damu.

Kwako wewe: pedi inayolowa chapa ndani ya saa moja, mabonge makubwa ya damu, homa, uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja uliovimba na kuuma, kupumua kwa shida. Kichwa kikali au macho kuona ukungu pia, hata kama presha yako ilikuwa nzuri wakati wa ujauzito, kwani kifafa cha mimba huweza kutokea hata baada ya kujifungua. Mwambie mapema mtu unayeishi naye dalili hizi, kwa sababu huenda yeye ndiye atakayelazimika kutafuta usafiri.