Cheti cha jina la biashara hakilindi nembo yako

Kila Sabasaba ikikaribia, malalamiko ya aina moja huongezeka. Mjasiriamali amekuta nembo inayofanana na yake kwenye banda la mwingine pale Barabara ya Kilwa. Anakuja kwetu BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, na cheti cha jina la biashara, amekitia kwenye plastiki vizuri, anataka mwenzake azuiwe leo hii. Cheti ni halali kabisa, ila hakihusu anachokidai.

Jina la biashara husajiliwa chini ya Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, na hutambulisha nani anafanya biashara. Nembo husajiliwa kama alama ya biashara au huduma, chini ya sheria nyingine, Sura ya 326, na hiyo ndiyo inayompa mwenyewe haki ya peke yake ya kuitumia kwenye bidhaa alizoziombea. Kusajili kampuni nako hakuleti haki hiyo. Tumelisema hili miaka nenda rudi, na bado mtu anachapisha lebo elfu kumi kwanza, kisha ndiyo anauliza.

Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao, kwenye mfumo wa ORS wa BRELA. Ukishajisajili kwa namba yako ya NIDA, unajaza fomu, unaambatisha picha ya alama, mfumo unakupa kontrol namba, unalipa. Kabla ya hapo omba upekuzi, tuone kama kuna alama inayofanana na yako. Hatua hii wengi huiruka.

Panapoharibika zaidi ni kwenye daraja. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Chukua mama wa Mbagala anayekamua mafuta ya nazi. Ya kupikia yako daraja la 29. Ya kupaka nywele, daraja la 3. Akiombea la 29 peke yake, asishangae cheti kisipotaja chupa zake za saluni. Na akifungua mgahawa kwa alama ileile, huo ni daraja la 43.

Alama yenyewe lazima itofautishe. "Mchele wa Kyela" hauwezi kuwa wa mtu mmoja, maana wakulima wa Kyela wote wana haki ya kusema mchele wao umetoka wapi. "Sembe Safi" inaisifu sembe tu. Bendera na nembo ya Taifa msiziguse. Mwombaji akikataliwa husema tumempendelea mkubwa fulani. Ukweli ni kwamba barua ya Msajili hutaja sababu, na kuna nafasi ya kujibu.

Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida rasmi la alama, na kuanzia hapo kuna siku 60 za pingamizi. Pingamizi likiwekwa, mwombaji hutakiwa kuwasilisha majibu yake kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa. Asipojibu, ombi huhesabika limeachwa, hata kama hoja za mpinzani ni dhaifu. Kwa hiyo barua pepe uliyoijaza kwenye mfumo iwe yako, si ya kijana wa stesheneri aliyekusaidia kuomba. Na alama ya R ndani ya duara, inayomaanisha "imesajiliwa", isubiri cheti. Kabla ya hapo unamwambia mnunuzi jambo lisilo kweli.

Usajili hudumu miaka 7 ya kwanza, kisha huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Akitokea mtu anaitumia alama yako, mlango ni mahakama. Bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, yenye mamlaka ya kukamata na kuteketeza chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Sisi hatuendi Kariakoo kufunga duka la mtu.

Wanaovusha mzigo kwa boti kwenda Unguja wajue pia kwamba usajili wa Bara unaishia Bara. Zanzibar alama husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, kwa ombi jingine na ada nyingine. Ukituuliza "si nchi moja?", ni nchi moja, ila rejista ni mbili.